Ukili na Sala: Mhadhara juu ya Ibada na Kazi ya Mikono



Katika waraka wake wa kwanza kwa Wathesalonike, ambao wanazuoni wengi huuhesabu miongoni mwa maandiko ya awali kabisa ya Agano Jipya, Mtume Paulo aliwaagiza waumini wa mji ule mambo mawili ambayo, yakiwekwa bega kwa bega, humtatiza kila anayejaribu kuyatii kwa ikhlasi. Katika sura ya nne aliwasihi watulie, washughulike na mambo yao wenyewe na wafanye kazi kwa mikono yao. Na katika sura ya tano, kabla wino wa agizo la kwanza haujakauka, aliwaamuru waombe bila kukoma. Sasa, mwenye kuomba bila kukoma atashika jembe saa ngapi? Na mwenye kushika jembe tangu alfajiri hata magharibi atawezaje kusema mbele ya Mungu, pasipo kuona haya, kwamba sala yake haikukoma?

Swali hili huulizwa na seremala ambaye randa haimwachii nafasi ya kufumba macho, na mama ambaye moto, maji na watoto humwita kwa wakati mmoja. Na huulizwa vilevile na kasisi ambaye hesabu za parokia zimemla siku nzima. Majibu mepesi yaliyozoeleka ni mawili. La kwanza husema kwamba sala ni kazi ya Jumapili na ya watu waliowekewa mikono, na wengine watosheke kuitika Amina. La pili, ambalo siku hizi limekuwa tamu masikioni mwa wengi, husema kwamba kazi yenyewe ni sala, na kwa hiyo mtu mwenye bidii hana haja ya kupiga magoti. Nia yangu ni kuonyesha kwamba majibu yote mawili yana upungufu, na kwamba jibu lililo karibu zaidi na kweli lilipatikana kwa vidole kabla ya kupatikana kwa ulimi, katika jangwa la Misri, yapata miaka elfu moja na mia sita iliyopita, kwa watu waliokuwa wakisuka ukili.

Antoni, ambaye Kanisa humtukuza kuwa baba wa watawa, alifariki mwaka 356, na habari za maisha yake ziliandikwa muda mfupi baadaye na Atanasi, Askofu wa Aleksandria. Alikuwa mtoto wa jamaa yenye mashamba, akasikia Injili ikisomwa kanisani, akagawa urithi wake kwa maskini na kushika njia ya nyikani. Katika masimulizi ya wazee wa jangwani, yaliyohifadhiwa kwanza kwa midomo na halafu kwa kalamu, imesimuliwa kwamba wakati mmoja uchovu wa moyo ulimzingira na giza la mawazo likamfunika, hata akamlilia Mungu kwamba anatamani kuokoka lakini mawazo yake hayamwachi, na hajui afanyeje. Alipotoka nje kidogo alimwona mtu mfano wake mwenyewe, ameketi anafanya kazi. Kisha mtu yule akainuka akaomba. Kisha akaketi tena, akawa anasuka kamba ya majani ya mtende. Kisha akainuka tena kuomba. Alikuwa malaika aliyetumwa kumrekebisha, na Antoni akaambiwa afanye vivyo hivyo naye ataokoka.

Nakuombeni mtazame jinsi ufunuo huu ulivyokuwa wa kawaida. Mtu aliyekuwa ameacha kila kitu kwa ajili ya Mungu, na ambaye pengine alistahili kuonyeshwa viti vya enzi na majeshi ya mbinguni, alionyeshwa mtu anayesuka. Malaika hakumhubiria, hakumfumbulia siri, wala hakumlaumu kwa udhaifu wake. Aliketi, akainuka, akaketi tena. Nguvu yote ya masimulizi haya imo katika lile neno dogo la mwisho, kwa maana kuketi mara moja hakumshindi mtu yeyote, na kuomba mara moja hakumshindi hata mpagani aliye katika dhoruba. Kazi ni kurejea. Hoja ya mhadhara huu ni hiyo moja tu: kwamba ibada ni kurejea, na kwamba kazi nyepesi ya mikono ni mwalimu hodari wa kurejea.

Kazi waliyoichagua watawa wale haikuchaguliwa ovyo. Mtende uliokuwa ukiwapa majani, na mkindu unaoota katika mabonde na kandokando ya mito yetu, ni miti ya ukoo mmoja, na mtu wa pwani aliyelelewa penye wasusi hana haja ya kuelezwa na mgeni jinsi jani lile linavyotii mkono. Ukindu hukatwa ungali mchanga, kabla majani hayajafunguka. Huanikwa juani hata weupe ukatokea, na ule unaotakiwa kuwa na rangi huchemshwa. Kisha kila jani huchanwa kuwa chane nyembamba zilizo sawa. Chane zikikauka mno hukatika, kwa hiyo hunyunyizwa maji. Lakini zikilowa mno, ukili ukikauka hulegea na kuacha nafasi, na mkeka utakaoshonwa kwa ukili huo hautadumu. Msusi huketi barazani, chane zimo katika vidole vyote kumi, moja inapita juu ya nyingine na chini ya nyingine, na inapokaribia kwisha mwenziwe huchomekwa pale pale, ncha yake ikafichwa chini ya zilizotangulia, hata asiyejua kazi hataona mahali palipoungwa. Ukili ukirefuka huzungushwa kuwa kata, na kata hiyo huchukuliwa kwapani kwenda nayo kwa jirani, msibani au ngomani, kwa kuwa ni kazi isiyokataa mazungumzo wala safari. Siku ukitosha, hushonwa ukingo kwa ukingo kwa shazia, ukawa mkeka wa kulalia, msala wa kuswalia, au kikapu cha sokoni.

Wengi wa wasusi hao katika pwani yetu ni akina mama Waislamu, na Mkristo anayetaka kujifunza subira ya mikono hapotezi kitu akiketi kwa adabu karibu nao. Atajifunza kwanza kwamba hakuna sehemu ya ukili iliyo kubwa kuliko nyingine. Hakuna kilele, pima ya kwanza na pima ya mwisho zimefanywa kwa mwendo ule ule, juu na chini, juu na chini, na ukili hauongezeki kwa furaha ya msusi wala haupungui kwa huzuni yake, bali huongezeka kwa yeye kurejea kwenye chane inayofuata. Atajifunza pia kwamba kosa halionekani pale lilipotendwa. Chane iliyoruka zamu yake huonekana sawa kwa muda, na vidole vinaweza kuendelea mbele bila kujua. Lakini baada ya shubiri kadhaa ukili huanza kupinda upande, na hapo msusi aliye mwaminifu hana dawa ila kufumua hadi pale kosa lilipo, kulitengeneza, na kusuka upya. Hapigi kelele wala hautupi ukili wote, wala hajidanganyi kwamba wanunuzi hawataona. Sijui kielelezo cha toba kilicho bora kuliko hicho, na kama mwongofu mpya angeniuliza afanyeje baada ya kuanguka, ningemwambia afanye kama msusi: afumue kiasi kinachohitajika, asizidishe, na aketi tena.

Watawa wa Misri waliujua vizuri adui wa kurejea. Evagrio, mtu msomi aliyeacha fahari ya Konstantinopoli, akaishi jangwani hadi kufa kwake mwaka 399, aliandika juu ya pepo wa adhuhuri, ambaye humjia mtawa wakati jua liko utosini na kumfanya alione kama limesimama kabisa. Pepo huyo humshawishi atazame dirishani mara kwa mara, ahesabu saa zilizobaki hadi wakati wa chakula, achukie chumba chake na kazi yake, awakumbuke jamaa zake, na awaze kwamba Mungu anaweza kuabudiwa vizuri zaidi mahali pengine. Hatukosi kumfahamu pepo huyu, maana hata asiyekaa jangwani amepata kugongewa mlango naye saa nane ya mchana. Na ajabu ya jangwani ni kwamba dawa yake haikuwa hotuba ndefu, wala hamasa mpya, wala safari ya kwenda kutafuta mwalimu mwingine. Ilikuwa kuketi chumbani, kusuka kiasi kilichobaki, kutamka zaburi iliyo kinywani, na kuinuka kuomba. Hisia zikirudi, vema. Zisiporudi, ukili umerefuka na sala imesaliwa.

Mtu asidhani, hata hivyo, kwamba vidole vilifungwa katika kazi ili moyo ulale. Katika bonde la Skete, ambalo leo huitwa Wadi Natruni na ambalo lingali na watawa wa Kikopti mpaka zama zetu hizi, aliishi Yohane aliyepewa lakabu ya Mfupi. Yasimuliwa kwamba wakati mmoja alisuka ukili wa kutosha vikapu viwili, akaushona wote katika kikapu kimoja bila kutambua, hata kikapu kilipofika ukutani ndipo alipozinduka, kwa kuwa fikira zake zilikuwa zimezama katika tafakuri. Safari nyingine mwenye ngamia alimjia kuchukua kazi zilizokuwa tayari. Yohane akaingia ndani kuzileta, akasahau alichofuata. Akagongewa tena, akaingia, akasahau tena. Na mara ya tatu aliingia akijirudiarudia maneno mawili tu, kamba na ngamia, asije akamweka mtu wa watu juani hata jioni. Habari hizi huchekesha, nami naamini wazee waliozihifadhi walikusudia zichekeshe. Lakini ndani yake mna maarifa: kazi nyepesi iliyozoeleka huipa akili uhuru ambao kazi nzito ya kichwa haiwezi kuupa. Mwenye kuandika hesabu hawezi kutamka zaburi bila kuharibu moja kati ya hizo mbili. Mwenye kusuka anaweza kufanya yote mawili, na vidole vinavyojua njia humwachia moyo wasaa wa kwenda kwake.

Mwanzilishi wa utawa wa kukaa pamoja, Pakomio, alilifanya jambo hili kuwa desturi ya jamii nzima. Nyumba yake ya kwanza aliiweka Tabennisi, Misri ya Juu, katika miaka ya 320, na kanuni zake, ambazo Jeromi alizitafsiri kwa Kilatini mwaka 404, zinaonyesha ndugu wakisuka hata wakati wa kusanyiko la sala, wakiwa wameketi na kusikiliza Maandiko yakisomwa. Paladio, aliyeitembelea nyumba moja ya jamii hiyo huko Panopoli, alihesabu washona nguo 15, wahunzi 7, maseremala 4, waongoza ngamia 12 na madobi 15. Na hesabu hiyo yatosha kumnyamazisha anayedhani kwamba watawa wale walikuwa watu wa kukaa bure na kuangalia mbingu.

Na penye kazi nyingi hapakosi hatari ya riya. Imesimuliwa kwamba desturi ilikuwa kusuka mkeka mmoja kwa siku, na ndugu mmoja akasuka miwili, kisha akaiweka nje ya chumba chake mahali ambapo alijua Pakomio ataiona. Pakomio aliiona, akatambua nia. Badala ya kumsifu, aliwaambia waliokuwa pamoja naye kwamba mtu huyu ametaabika tangu asubuhi hata jioni, na taabu yake yote amempa Shetani. Ndugu yule aliamriwa asimame na mikeka yake mbele ya wenzake wakati wa sala na wakati wa chakula, akiomba aombewe kwa kuwa ameipenda mikeka miwili kuliko ufalme wa mbinguni. Kisha akafungiwa chumbani miezi mitano, akisuka mikeka miwili kila siku, bila mtu wa kumtazama. Adhabu hiyo ni kali kwa masikio yetu. Lakini zingatieni hekima iliyo katika sehemu yake ya mwisho: hakunyang'anywa kazi, alinyang'anywa watazamaji. Idadi ya mikeka ilibaki ile ile ili ajue kwamba dhambi haikuwa katika mkeka wa pili, bali katika mahali alipouweka.

Karne mbili baadaye Mtakatifu Benedikto, alipoandika Kanuni yake nchini Italia, aliligusa donda lile lile. Katika sura ya 57 aliagiza kwamba mafundi wa monasteri wafanye kazi zao kwa unyenyekevu wote, na kwamba fundi anayejivuna kwa sababu ya ujuzi wake, akidhani anaifaidia nyumba, aondolewe katika ufundi huo hata atakapojinyenyekeza. Na akaongeza kwamba vitu vyao viuzwe kwa bei iliyo chini kidogo ya ile ya watu wa dunia, ili tamaa isijipenyeze. Na katika sura ya 31 aliagiza kwamba mtunza ghala avitazame vyombo vyote na mali yote ya monasteri kana kwamba ni vyombo vitakatifu vya altare. Mtu aliyeyaamini maneno hayo hawezi kuliacha jembe mvuani na kisha akaingia kanisani kulibusu altare, akadhani amefanya mambo mawili yasiyohusiana.

Sasa turudi kwenye amri ya kuomba bila kukoma, kwa maana mzee mmoja wa jangwani aliitolea hesabu yake kwa fedha taslimu. Jina lake Lusio, naye alikaa Enatoni, penye maili ya tisa nje ya Aleksandria. Walimjia watawa wa kundi lililodai kwamba kazi ya mikono ni aibu kwa mtu wa Mungu, kwa kuwa wao huomba tu. Lusio akawauliza kama hawali; wakakiri kwamba hula. Akawauliza kama hawalali; wakakiri kwamba hulala. Akauliza ni nani basi huwaombea wakati wanapokula na wanapolala, wakakosa jibu. Ndipo akawaeleza desturi yake. Huketi pamoja na Mungu, akilowesha majani yake na kusuka kamba, huku akiiomba rehema kwa maneno ya mtunga zaburi aliyetubu. Na kazi ya siku hiyo humpatia sarafu kama kumi na sita. Mbili huziweka mlangoni, na zilizobaki hununulia chakula. Maskini azichukuaye zile mbili humwombea yeye wakati anapokula na wakati anapolala, na hivyo, kwa neema ya Mungu, amri ya kuomba bila kukoma hutimia.

Hesabu hii ni nyepesi hata mtoto aweza kuifuata, na bado inabeba jambo ambalo vitabu vingi vizito vya elimu ya Mungu vimelisahau. Lusio hakudai kwamba yeye peke yake anaweza kuomba bila kukoma. Alijua kwamba mwili una njaa na usingizi, na kwamba mkono mmoja hauwezi kuusuka ukili wote. Sala isiyokoma, kwa maoni yake, ni mali ya ushirika: mmoja anapolala mwingine anaendelea, na kinachowaunganisha ni sadaka iliyotoka katika jasho la halali. Ukiondoa kazi, sarafu mbili hazipo. Ukiondoa sarafu mbili, anayemwombea Lusio usiku hayupo. Kwa hiyo kazi haikuwa pazia lililoifunika sala, ilikuwa mlango ambao sala ya mtu mmoja ilipitia kwenda kuungana na sala ya mwingine.

Wapo waliojaribu kuruka mlango huo. Mgeni mmoja alifika kwa Abba Silvano katika mlima wa Sinai, akawaona ndugu wakifanya kazi, akawakemea kwa kutaja chakula kiharibikacho na jinsi Mariamu alivyochagua fungu lililo jema. Silvano alimpa kitabu na kumweka katika chumba kisicho na kitu kingine. Saa tisa ikafika, mgeni akatazama mlangoni kama ataitwa kula, hakuitwa. Akatoka kuuliza kama ndugu hawali leo, akajibiwa kwamba wamekwisha kula, na kwamba yeye hakuitwa kwa kuwa ni mtu wa kiroho asiyehitaji chakula cha namna hiyo. Wao, wakiwa watu wa mwili, wanataka kula, na ndiyo sababu wanafanya kazi. Mgeni akatubu, na Silvano akamweleza kwamba Mariamu anamhitaji Martha, na kwamba kwa ajili ya Martha ndipo Mariamu anaposifiwa.

Nikifika hapa sina budi kukabili pingamizi. Yohane Kasiano, aliyekaa Misri kabla ya kuhamia Galia, ambayo ni Ufaransa ya leo, amesimulia habari za Abba Paulo aliyeishi mbali katika jangwa la Porfirio, akipata riziki kwa mitende na bustani ndogo. Kutoka kwake hadi mjini palikuwa na mwendo wa siku saba au zaidi, na gharama ya kuchukua vikapu ingepita bei yake. Hata hivyo alijitoza kazi ya kila siku kana kwamba anaitegemea, na pango lake lilipojaa kazi za mwaka mzima, alizitia moto, akaanza upya. Kasiano amemsifu, kwa kuwa alionyesha kwamba mtawa hawezi kudumu mahali pake bila kazi ya mikono, hata pasipo faida. Mimi nayaheshimu masimulizi hayo, lakini sithubutu kuyafanya kanuni. Mama anayesuka ukili ili apate ada ya mtoto, au dawa ya mume mgonjwa, hana anasa ya kuchoma mikeka yake, na mhubiri atakayemwambia kwamba bei si kitu amemkosea. Bei ni kitu. Sarafu kumi na sita za Lusio zilikuwa kitu, na zile mbili za mlangoni zilikuwa kitu zaidi. Abba Paulo aliyachoma yaliyokuwa yake, pasipo mtoto wa kumlilia njaa. Na asiye na mtu anayemtegemea asimpimie ibada mwenye watoto saba.

Liko pingamizi la pili, nalo linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki hasa. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizuru nchi zetu, ikapendekeza elimu ya Mwafrika iambatane zaidi na kilimo na kazi za mikono. Na wazee wetu wengi waliisikia sauti hiyo kwa shaka, si bila haki, kwa kuwa waliona kwamba jembe na randa vinasifiwa sana pale ambapo kitabu na kalamu vinaogopwa kuwafikia. Mtu aliyewahi kunyimwa kitabu na kupewa ufagio atasikia mhadhara kama huu kwa sikio moja. Kwake nasema hivi: miongoni mwa waliosuka jangwani alikuwamo Arsenio, ambaye kabla ya kuwa mtawa alikuwa mwalimu wa wana wa Kaisari Theodosio, mtu wa lugha na vitabu, aliyezoea manukato ya jumba la kifalme. Maji aliyoloweshea majani yake hakuyabadilisha ila mara moja kwa mwaka, akayaongeza tu, hata yakanuka. Na alipoulizwa alisema kwamba harufu hiyo ni badala ya manukato aliyoyafurahia duniani. Tofauti iko wazi. Kazi iliyotupwa juu ya mabega ya wengine ili wakae chini ni dhuluma hata ikipambwa kwa aya za Biblia. Kazi ambayo msomi na asiyesoma wanaigawana, kwa hiari na kwa kiasi, ni ibada. Watawa Wabenedikto waliofika Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906 walikuja na Kanuni iliyomtaka kila ndugu afanye kazi kwa mikono yake, na watawa Waafrika walioanza maisha hayo Hanga mwaka 1957 waliipokea Kanuni ile ile. Karakana inapata heshima siku mkuu wa nyumba anapoonekana humo.

Na Maandiko yenyewe hayajapata kuwaweka mafundi nyuma ya baraza. Katika kitabu cha Kutoka, mtu ambaye Mungu anamtaja kwa jina kuwa amemjaza Roho yake, pamoja na hekima na maarifa, ni Bezaleli, fundi wa dhahabu, mawe na miti. Na katika kitabu hicho hicho wanawake wenye hekima ya moyo husokota nyuzi kwa mikono yao kwa ajili ya maskani. Huko Korintho Mtume Paulo alikaa kwa Akila na Prisila kwa sababu kazi yao na yake ilikuwa moja, kushona mahema. Na Petro alipoitwa Yafa penye maiti ya Dorkasi, wajane hawakumsimulia hotuba za marehemu wala maono yake. Walisimama wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizozishona alipokuwa pamoja nao. Ushahidi wa utakatifu wake ulikuwa umevaliwa na watu. Juu ya hao wote yuko Bwana mwenyewe, ambaye watu wa Nazareti walikwazwa naye kwa kuwa walimjua kama seremala. Walidhani kazi ile inampunguza, wala hawakujua kwamba mikono ile ilikuwa imezoea kurejea siku kwa siku kwenye mbao, kabla haijanyooshwa juu ya msalaba.

Niseme basi, kwa kumalizia, mambo ambayo mtu aweza kuyafanya kesho. Kila kazi ya mikono ina viungo vyake, mahali ambapo mkono husimama kidogo: msusi huchomeka chane mpya, mshonaji hutia uzi sindanoni, mkulima hunoa jembe, mvuvi hukagua macho ya wavu. Hapo ndipo pa kuweka sala fupi, ya maneno machache yasiyobadilika, kwa kuwa sala iliyofungwa kwenye kiungo cha kazi haitegemei kumbukumbu wala hamu. Lakini asitosheke na hiyo peke yake, kwa maana malaika wa Antoni hakuendelea kusuka mfululizo akisema kwamba kusuka ni kusali, aliinuka. Iko saa ambayo chane hazina budi kuwekwa chini, mwili usimame au upige magoti, na mtu asiwe na kitu mkononi mbele ya Mungu. Na saa hiyo ikipita, asione haya kuketi tena, wala asifikiri kwamba amemwacha Mungu pale alipokuwa amepiga magoti.

Na katika ujira wa siku, uwe wa mkeka au wa mshahara wa mwezi, zitengwe sarafu mbili kabla ya kununua chakula, ziwekwe mahali ambapo mhitaji atazichukua bila kuaibishwa na bila kujua jina la aliyeziweka. Parokia ambayo mafundi wake, wasusi wake na wakulima wake watafanya hivyo haitalala usingizi bila kuombewa, na wala haitahitaji kuulizana ni nani kati yao aliye mtu wa sala na ni nani aliye mtu wa kazi.